Mtoto Mtulivu Kuliko Wote

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeamua. Nitakuwa Mratibu wa Mafunzo.

Mama Mkuu, msimamizi wa kituo chetu, alitutangazia asubuhi, kabla hata sijakaa. Wafanyakazi wapya wanaanza kesho. Wafundishwe, kisha Ijumaa ya wiki ijayo kila mwalimu aonyeshe somo moja mbele ya wajumbe wa bodi. Atakayefaa atapewa cheo, na chumba chenye mlango.

Meza yangu mimi iko kwenye korido, kati ya stoo ya vichezeo na choo cha watoto. Mtu hawezi kufikiri mambo makubwa mahali ambapo kila saa mtu mdogo anapita bila suruali.

Walimu ni wawili. Mimi na Bi Viungo. Jina lake analo, lakini kituo kizima kinamwita hivyo kwa kuwa ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Vya mwili, si vya mchuzi. Mwanamke wa taratibu. Hapandishi sauti. Watoto wakimwona wananyoosha mikono wabebwe. Wakiniona mimi wanatafuta mama zao. Nadhani ni heshima.

Niandike kazi yetu ni nini, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wengi. Kituo chetu kinapokea watoto wachanga na wale wanaoanza kutembea, waliochelewa kukaa, kutambaa, kutazama au kusema. Tunawasaidia wao na wazazi wao mapema, kabla pengo halijawa kubwa. Kazi yote ni kuwahi. Leo nilichelewa kufika, lakini hilo lilikuwa suala la viatu.

Nimemweleza mke wangu mpango. Akauliza kama kuna mtu ameniomba nigombee. Nikamwambia wenye vipaji hawasubiri kuombwa. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wapya wamefika, wanne. Wawili ni wa kuandika tu, wanaandika hata ninapokohoa. Wa tatu ni mwanamke mmoja mwembamba aliyewahi kuuza vitabu. Nimempa jina la Bi Maswali. Wa nne ni kijana mpana mwenye shingo kama gogo, aliyekuwa analinda mlango wa ukumbi wa dansi. Huyo kila mtu alimwita Baunsa bila kushauriana.

Nilifungua mafunzo kwa hotuba. Nilianza na binadamu wa kale. Nilikuwa bado sijafika kwenye ugunduzi wa moto Bi Maswali alipoinua mkono akauliza watoto wako wapi. Nikamjibu watoto wako mwishoni mwa hotuba. Akauliza mwisho uko wapi.

Kisha zamu ya Bi Viungo. Hakuwa na karatasi hata moja. Aliwaambia wavue viatu, wakae mkekani. Kwamba mtoto yuko chini, kwa hiyo na sisi tuwe chini. Akaleta mtoto na mama yake, akawaomba wapya wasifanye lolote, watazame tu: mtoto anatazama nini, anafikia nini, anamgeukia nani. Wakatazama kwa muda mrefu kama watu walio sinema. Baunsa akatabasamu hadi masikio yakasogea.

Nimeelewa mchezo wake. Anashinda kwa kukaa chini. Basi kesho nitakwenda chini zaidi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nilikwenda chini zaidi. Nililala kifudifudi mkekani kuonyesha jinsi mtoto mchanga anavyojifunza kuinua kichwa. Nilikiinua vizuri sana. Wale wawili waliandika. Kisha nikaonyesha anavyogeuka kutoka tumboni kwenda mgongoni.

Katikati ya kugeuka, kiuno kikakataa.

Sikwenda mbele wala sikurudi nyuma. Nililala upande, mkono mmoja hewani. Wapya wakadhani ni sehemu ya somo. Bi Maswali akauliza mtoto hukaa hivyo kwa muda gani. Nikamwambia aende akamwite Bi Viungo, bila kukimbia, kama mtu anayekwenda kunywa maji.

Akaja. Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliwaita wapya wanizunguke, akapiga magoti. Akawaeleza kwamba kabla hujamgusa mtoto, mwambie unachotaka kufanya. Kwamba usimvute mikono, mwongoze kwa nyonga. Halafu akaniinamia kwa sauti ile ile anayowapa watoto, akasema, "Sasa nakushika nyonga. Tutageuka pamoja, taratibu, wala usiogope."

Ninaandika kwa uchungu: sikuogopa. Niligeuka kama picha ya kitabuni.

Baunsa akaomba arudie yeye. Wakanirudisha kifudifudi. Wote wanne walijaribu mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alinisifu kwa ushirikiano.

Mama Mkuu alipita mlangoni akasema hilo lilikuwa wazo zuri la Bi Viungo, kutumia mtu mzima.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo kutembelea nyumba. Nafasi yangu. Nyumbani hakuna mkeka wala Bi Viungo.

Familia ni ya binti mdogo anayekaribia miaka miwili, hajasema neno. Nilikwenda na Baunsa na Bi Maswali. Usiku nilikuwa nimepanga kitu cha kuwashangaza: gunia la vichezeo. Kanuni yetu inasema tusibebe vichezeo kwenda nyumbani kwa watu. Tucheze na vilivyopo, sufuria, vijiko, vifuniko, ili tukiondoka mama abaki navyo. Naijua kanuni. Nilisaidia kuiandika, nilishika kalamu. Lakini mtu anayetafuta cheo hawezi kuingia mikono mitupu.

Bibi wa mtoto ndiye aliyefungua mlango. Akaliona gunia. Akaniambia hawanunui kitu leo. Nikamweleza kwamba sisi ni wa kituo. Akasema hata wa kituo, hawanunui. Nikatoa sungura wa kitambaa kumwonyesha. Kosa. Akamgeuza sungura, akamkagua mshono, akasema amelegea shingo, nipunguze.

Nilimaliza ziara nzima uani nikikataa kumuuzia sungura. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono, akaongeza bei. Mwanamke mgumu. Mwishowe tulikubaliana kwa heshima na sasa sungura si wetu, na mimi nina mkungu wa ndizi.

Ndani, ambako Baunsa alikuwa ameingia na gunia, mambo yalitokea bila mimi. Nimeyasikia kwa Bi Maswali njiani. Mtoto hakujali kichezeo chochote. Alilitaka gunia. Alilivaa kichwani, akatulia humo, akalivua ghafla. Mama akawa anamkemea, na Bi Maswali akamwomba amwache kidogo, wamtazame. Baunsa naye akachukua upande mmoja wa gunia, akajifunika, akajifunua. Mtoto akacheka. Baunsa akajifunika tena, akakaa humo, akasubiri. Hakujifunua. Mtoto akamsogelea yule mtu mkubwa kama kabati, akavuta gunia, na akasema, "Tena."

Neno lake la kwanza. Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu. Akamwomba mtoto arudie. Baunsa akamwambia kwa upole asimwombe, aingie kwenye gunia yeye. Mama akaingia. Na mtoto akasema tena, "Tena."

Baunsa ndiye aliyemalizia kunisimulia, huku akifuta macho kwa kiganja. Nami nilifurahi, kweli kabisa. Kisha nikakumbuka gunia lilikuwa langu.

Katika taarifa ya ziara nimeandika: Kwa kutumia gunia lililoletwa na mkufunzi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpango mkubwa umekamilika kichwani.

Shida ya somo la Ijumaa ni watoto. Watoto wa kituo wakiona watu wa bodi wenye suti wanalia wote kwa pamoja. Ninahitaji mtoto asiyelia. Mtoto wa kuonyesha kila kitu sawasawa: anakaa, anashika, anageuka. Wapya watampima mbele ya bodi hatua kwa hatua, mimi nikielekeza kwa kidole.

Na mtoto huyo yupo kwenye ukoo wangu. Ni wa mdogo wangu wa kike, hajatimiza mwaka. Tunamwita Mzee kwa sababu ya utulivu wake. Baba yake, shemeji yangu, ni seremala, na karakana yake imepakana ukuta na chumba cha kulala. Msumeno wa umeme unalia mchana kutwa na Mzee analala kama aliyefunga ofisi. Mlango ukibamizwa, hashtuki. Mbwa akibweka, hana habari. Sijaona mtoto mwenye malezi kama hayo.

Nilikwenda leo. Mzee alikuwa amekaa kwenye beseni akichezea kifuniko. Nilipoinama mbele yake akanitabasamia. Mtoto pekee duniani anayenitabasamia.

Mdogo wangu hakutaka sana. Akasema Ijumaa ana kazi. Nikamwambia ni suala la ukoo. Akasema sawa kaka, ila kuna jambo alitaka kuniuliza kuhusu mtoto, kwa kuwa mimi ndiye wa kituo. Nikamwambia aulize. Akasema mara nyingine anamwita na... Nikamkatiza nikamwambia asiwe kama wale wazazi wanaotafuta kasoro. Mtoto mtulivu ni zawadi. Shemeji alitoka karakanani akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi akamwambia mkewe si unaona, nilikwambia.

Nimerudi nyumbani kwa hatua za mtu mwenye chumba.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimesikia kwa mmoja wa wale wawili wa kuandika kwamba Bi Viungo atatumia mpira mkubwa kwenye somo lake. Ule mpira wa bluu anaolazwa mtoto kifudifudi juu yake na kubembezwa mbele na nyuma. Ni mpira mzuri. Bodi ingeupenda.

Kwa hiyo mchana nilihamisha vitu vyote vya kufundishia stooni, kwa usalama. Mpira, mito, vyangu na vyake. Nikafunga kufuli. Ufunguo nikautia mfuko wa shati. Hakuna atakayeshuku mtu aliyefungia vyake pia.

Kisha nikakaa mezani kwangu kuandika hotuba. Kijana mmoja wa kituo, mwenye miaka miwili kasoro, akanikaribia kwa makalio maana hatembei bado. Huyu kwa miezi yote mkono wake umekuwa umefumbwa ngumi. Bi Viungo amekuwa akimfundisha kuokota kitu kwa kidole gumba na cha shahada. Zabibu kavu, vifungo, uzi. Hajaweza.

Akajiinua kwa goti langu. Akanitazama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, na kwa kidole gumba na cha shahada, safi kabisa, akautoa ufunguo.

Mama yake alipiga yowe. Bi Viungo akaja mbio, na sijawahi kumwona akikimbia. Wakashangilia. Wapya wakashangilia. Mama akalia. Nami nikanyoosha mkono kuchukua ufunguo, Bi Viungo akanizuia kwa macho: mwache aone kwamba ni wake. Mtoto akaukumbatia, akashuka, akajivuta kwa makalio, wote tukimfuata kama msafara wa harusi, hadi kwenye choo cha watoto.

Akauachia ndani. Kwa kidole gumba na cha shahada.

Walipiga makofi tena.

Fundi wa kufuli anasema atakuja Jumatatu. Bi Viungo alisema si neno, atatumia taulo lililokunjwa, wazazi wengi hawana mpira nyumbani. Mama Mkuu akasema huo ndio ualimu. Mimi sina kitu hata kimoja. Nilikwenda jikoni kwa mpishi, akanipa kopo tupu na maharage makavu ya kutia ndani ili litoe mlio. Hilo ndilo ghala langu la silaha.

Lakini moyo haujashuka. Kopo na Mzee vinatosha.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Chumba kilijaa. Wajumbe wa bodi kwenye viti, Mama Mkuu mbele, wazazi nyuma. Bi Viungo alimaliza na taulo lake. Alipigiwa makofi mengi, niliyavumilia.

Nikaingia na Mzee mikononi. Suti za bodi hazikumtisha. Akawatazama mmoja mmoja kwa zamu kama anawahesabu. Watu wakasema aah. Mdogo wangu alikaa pembeni ya mkeka. Shemeji alisimama ukutani, ameoga, hana vumbi, nikamsahau kidogo ni nani.

Baunsa na Bi Maswali wakaanza kupima. Kukaa, sawa. Kushika kifuniko, kukihamisha toka mkono huu kwenda huu, sawa. Kutafuta kitu kilichofichwa chini ya kitambaa, sawa tena. Nilikuwa nikielekeza kwa kidole na bodi ilikuwa ikikifuata. Niliona mlango wa chumba changu. Niliona hata kitasa.

Kisha kopo. Zoezi ni rahisi: mmoja anakaa mbele ya mtoto ili atulie, mwingine anatikisa kopo nyuma yake, pembeni, asipoweza kuona. Mtoto anageuka. Baunsa akakaa mbele. Bi Maswali akatikisa.

Mzee hakugeuka.

Akatikisa upande wa pili. Mzee akaendelea na kifuniko chake. Niliwaambia bodi kwamba mtoto makini huwa hababaiki. Nikamwambia Bi Maswali atikise kwa nguvu. Akatikisa. Hakuna. Nikamwambia anipe mimi. Nikalitikisa kopo kwa mikono miwili nyuma ya kichwa chake, na kwa wasiwasi likaniponyoka, likapiga sakafu ya saruji, kifuniko kikaruka na maharage yakatawanyika chumba kizima.

Wote waliruka. Mjumbe mmoja alisimama kabisa. Mtoto mchanga aliyekuwa nyuma kwa mama mwingine akaangua kilio.

Mzee aliona harage moja linabingirika mbele yake. Akalitazama. Akalifurahia.

Nilisema mtoto huyu amezoea kelele, baba yake ana karakana. Nilisema pia kwamba ana usingizi. Baunsa alinitazama kutoka pale chini akasema polepole, "Mwalimu, nadhani mtoto hatusikii."

Nikafungua mdomo nijibu. Ndipo nikamwona mdogo wangu. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa na uso wa mtu anayeambiwa kitu anachokijua.

Akasema, si kwa bodi, kwangu, "Ndicho nilichotaka kukuuliza, kaka. Namwita, hageuki."

Nikakaa chini. Sikupanga kukaa, niliketi tu katikati ya maharage.

Bi Viungo hakunitazama hata mara moja, na namshukuru. Alikwenda akapiga magoti kwa mdogo wangu. Mdogo wangu akawa anasema kwamba amekuwa akimwimbia. Kila siku, akimwogesha, akimlaza, anamwimbia. Nani basi alikuwa anaimbiwa? Bi Viungo akamwambia ni Mzee huyo huyo. Alikuwa anauona wimbo usoni mwa mama yake, na akilazwa kifuani anausikia kwa mwili. Hakuna wimbo uliopotea. Na sasa wameona, waende hospitali idara ya masikio, haraka, yeye ataandika barua leo leo.

Shemeji alikuwa amegeukia ukuta.

Mama Mkuu akawaomba wajumbe watoke kunywa chai. Nilibaki nikiokota maharage. Mzee akaja kwa kutambaa kunisaidia. Kila alilookota alinipa.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sikuandika hotuba.

Nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilitaka kusema jambo la maana, sikulipata. Nilikaa mbele ya Mzee, yeye akiwa kwenye beseni lake, pale anapoweza kuniona. Nilikunja uso, nikatoa ulimi. Akakunja uso, akatoa ulimi. Shemeji alizima msumeno mapema, kisha akajiuliza kwa sauti kwa nini anauzima, kisha akaenda nje.

Mke wangu alinichukua jioni. Alinishika mkono njia nzima.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimeamka na mpango. Mtoto huyu hatasubiri foleni. Kazi yote ni kuwahi, na mjomba wake yupo.

Nilivaa koti jeupe la kituo na kutangulia hospitali. Nia yangu ilikuwa kupita kama mtu wa ndani, nifike kwa mpima masikio, nimwandalie Mzee nafasi. Nilipita mlango wa kwanza kwa kutikisa kichwa. Wa pili pia. Kwenye wa tatu muuguzi mmoja mwenye haraka akaniona akasema afadhali umekuja, akanipa kiti cha magurudumu chenye bwana mmoja aliyevunjika mguu. Sikuweza kukataa, nilikuwa na koti.

Nilimpeleka kupigwa picha ya mfupa. Kisha nikapewa mwingine. Kufikia mchana nilijua korido zote za hospitali ile isipokuwa ya masikio. Bwana wa mguu alinisifu kwamba nasukuma bila kugonga kuta.

Nilipofika, jasho tupu, mdogo wangu na shemeji walikuwa wanatoka. Waliingia kwa barua ya Bi Viungo, wakaitwa kwa zamu yao, basi. Mzee alikuwa amelala begani mwa baba yake. Walimpima akiwa usingizini, kwa nyaya ndogo na mashine. Mpima masikio amewaambia anasikia kidogo sana, masikio yote mawili. Haitapona yenyewe. Lakini atapata vifaa vya kusikia, na mafunzo ya sauti na ya ishara, yeye na wazazi wote wawili. Na kwa kuwa hajatimiza mwaka, amesema, mmewahi.

Shemeji alilirudia hilo neno njia nzima hadi kituo cha basi. Mmewahi. Alikuwa kama mtu aliyebeba yai.

Mdogo wangu aliniuliza kwa nini nimevaa koti. Nikamwambia ni baridi.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Leo Mzee amevaa vifaa kwa mara ya kwanza.

Sote tulikuwepo. Chumba kidogo, mazulia ukutani ya kuzuia mwangwi. Mpima masikio aliuliza nani atakayesema kwanza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno machache, ya kihistoria, kama aya mbili. Nilipopiga hatua mbele shemeji akaniwekea kiwiko kwenye mbavu. Ni kiwiko cha seremala. Nikarudi.

Mdogo wangu akakaa mbele ya mtoto, kisha akabadilisha nia, akahamia nyuma, asipoonekana. Mpima masikio akawasha. Mdogo wangu akaita jina lake. Lile halisi.

Mzee akaacha kunyonya kidole. Akatulia kabisa, macho makubwa, kama mtu aliyeguswa bega gizani. Mama yake akaita tena. Mtoto akazungusha kichwa, taratibu, akapita dirisha, akapita mpima masikio, akapita sisi wote, akamfikia mama yake. Akamtazama mdomo. Akautia kidole.

Mdogo wangu akaanza kumwimbia. Hakuweza kufika mbali.

Baba yake akamwita, Mzee akamtabasamia. Mpima masikio akamwita, akamtabasamia. Mke wangu, akamtabasamia. Nikasafisha koo langu, nikasema, "Mzee, ni mimi mjomba wako."

Akalia. Kilio kikubwa cha kwanza tangu nimjue, akajificha shingoni kwa mama yake. Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. Mpima masikio akasema ni dalili nzuri sana, anatofautisha sauti.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Nimejisomea aya zangu mbili mbele ya kioo, zisiharibike.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Mama Mkuu ametoa uamuzi. Mratibu wa Mafunzo ni Bi Viungo. Amepewa chumba, mlango, kitasa, vyote. Wapya walipiga makofi na mimi nikapiga, kwa kiasi. Baunsa amepangiwa watoto wanaochelewa kusema. Bi Maswali atakwenda majumbani. Watafika mbali, nimewalea vizuri.

Kisha Mama Mkuu akaniita kando. Nilidhani ni kwaheri. Akasema yeye na Bi Viungo wameshauriana, na kundi lijalo la wapya litaanza mwezi ujao, na wangependa mimi nifundishe somo moja. Moja tu, lakini Bi Viungo mwenyewe amesema nilibebe mimi, kwa yale niliyopitia. Somo linaitwa Kumsikiliza Mzazi.

Nilimshika mkono kwa nguvu. Nilijua. Hatimaye wameona.

Tangu nitoke kazini niko mezani. Mke wangu amekuja mara kadhaa akitaka kuniambia kitu, nimemwomba asubiri, niko kwenye sehemu muhimu ya kusikiliza. Hotuba inakwenda vizuri. Nimeanza na binadamu wa kale, safari hii nimevuka moto, na kwa mwendo huu itachukua asubuhi nzima na sehemu ya chakula. Maswali hayatakuwepo, muda hautoshi. Bi Viungo ameshauri tumwalike mzazi mmoja awepo darasani. Nimekubali, mimi si mtu mgumu. Atakaa mbele kabisa, pale wapya wote watakapomwona vizuri, mradi asiseme.